Daftari na Msomaji Wake

Mtu ateremkaye kutoka Nkubu kuelekea mashariki, akiupa Mlima Kenya kisogo na kuyaacha nyuma mashamba ya chai na kahawa ya Imenti Kusini huko Meru, huhisi joto likimpokea kidogo kidogo mpaka afikapo Mitunguu, mji mdogo wa soko ulio katika nchi ya chini karibu na Tharaka, ambako kitu cha kwanza kumlaki ni mikungu ya ndizi iliyolazwa juu ya majani makavu kando ya barabara ikingoja malori ya Nairobi. Hapo, baina ya mkungu na lori, kuna mizani iliyotundikwa, na kuna kijana mwenye daftari lililopinda pembe kwa jasho, aliyechomeka kalamu nyuma ya sikio. Mizani ikitaja kilo, kijana huandika. Na hayo aandikayo ndiyo yatakayoamua, jua likitua, nani anamdai nani.

Daftari hilo lina nasaba ndefu, nami nimekusudia kuisimulia, si kwa kuwa hesabu za maduka madogo ni jambo la fahari katika vitabu vya tarehe, bali kwa kuwa nimeona maduka mengi yakifunguliwa kwa furaha na kufungwa kwa huzuni, na kila nilipouliza sababu niliambiwa habari za ukame, au za wingi wa maduka, au za husuda ya majirani, ilhali daftari lililokuwa chini ya meza, endapo lilikuwapo, lilikuwa na jibu jingine ambalo hapana aliyelisoma. Basi swali nililolibeba katika masimulizi haya ni moja: daftari la duka dogo limekuwa likiandikwa kwa ajili ya macho ya nani?

Pwani yetu ilijua kuandika deni kabla barabara yoyote haijafika Meru. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, yahusu jambo hili hili, kwamba watu wakopeshanapo kwa muda maalumu waliandike deni, mwandishi awe mwadilifu na mashahidi wawepo. Na maneno tunayoyatumia hata leo dukani, hesabu na deni, faida na hasara, rasilimali na dhamana, hawala na stakabadhi, yalitufikia kwa mlango wa majahazi. Zama ambazo nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikuwa imekodi forodha ya Unguja, hesabu za matajiri wa Kihindi ziliandikwa kwa Kigujarati, na bidhaa zilitolewa kwa wasafiri wa bara kwa mali kauli, yaani kwa neno la mtu tu, neno ambalo hata hivyo lilikuwa na mstari wake ndani ya daftari la tajiri. Huko Ulaya nako, mtawa Luca Pacioli alikuwa amekwisha kuchapisha mjini Venice, mwaka 1494, kitabu cha hisabati ambacho sehemu yake moja yaeleza desturi ya wafanyabiashara wa mji ule ya kuandika kila tendo mara mbili: anunuaye gunia la sukari amepata sukari na ametoa fedha, basi aandike yote mawili, moja kushoto na moja kulia, na pande mbili zisipolingana ajue kwamba mahali fulani amekosea au ameibiwa. Ni fikira nyepesi kuitamka, na nzito kuifuata kila siku baada ya kufunga mlango.

Boma la Meru lilipoanzishwa na E. B. Horne mwaka 1908, wenye maduka kutoka Bara Hindi walifuata nyuma ya serikali, kama walivyokuwa wamefuata njia ya reli na kama Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alivyokuwa amekwisha kueneza maduka yake kutoka pwani hata Uganda. Nguvu ya maduka hayo haikuwa katika wingi wa bidhaa, kwa maana mengi yalikuwa vibanda vya mabati vyenye chumvi, kaniki na mafuta ya taa. Nguvu yao ilikuwa katika daftari. Mwenye duka wa bara alikuwa mdeni wa mwenye ghala wa Nairobi, na huyu alikuwa mdeni wa mwingine wa Mombasa, na mnyororo mzima ulishikamana kwa vitabu vya hesabu vilivyoitwa chopda, ambavyo wenye imani ya Kihindu huvifungua vipya wakati wa Diwali na kuviombea dua kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza. Mtu anayeliombea dua daftari lake hawezi kulitumia kufungia sukari. Walakini kijana wa Kimeru aliyeajiriwa katika duka kama hilo, akajifunza bei, akajifunza kupima, akajifunza hata namna ya kumnyamazisha mteja msumbufu, hakulijua daftari, kwa kuwa lilikuwa katika hati asiyoweza kuisoma. Aliondoka na elimu yote ya biashara isipokuwa ile iliyoishikilia biashara.

Na hata kama angeijua, sheria ilikuwa imemwekea ukuta. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa na sheria ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji, ikatungwa upya mwaka 1948 na kudumu mpaka 1960, ambayo kwayo asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 hakuweza kumdai mahakamani ila mapatano yawe yameandikwa na kuthibitishwa na ofisa wa serikali. Ilisemwa kwamba sheria hiyo ni ya kumhifadhi mwenyeji asizame katika madeni. Hifadhi hiyo ilimwumiza. Wenye ghala waliogopa kumkopesha, basi mwenye duka wa Kiafrika alinunua kwa fedha taslimu na kuwauzia kwa mkopo jirani, shemeji na mwalimu wa kanisa, maana kijijini hapana namna nyingine ya kuuza. Kwa hiyo fedha ilitoka upesi na kurudi polepole, na katikati ya kutoka na kurudi huko ndipo duka lilipofia.

Baada ya vita vikuu vya pili, wanaume waliotoka jeshini walirudi na akiba zao, na katika vijiji vya Kenya nzima maduka yakachipuka kama uyoga baada ya mvua, mengi yao yakafungwa upesi. Watawala waliona ugonjwa wakaandika dawa: wafanyabiashara wafundishwe kutunza hesabu. Shule ya Jeanes iliyokuwa Kabete ikawapokea kwa mafunzo mafupi, na bodi za mikopo za wilaya zilizoanzishwa katikati ya miaka ya 1950 zikataka kuona vitabu kabla ya kutoa senti. Dawa ilikuwa nzuri, ila maelekezo yake yalikuwa na kasoro, kwa maana mwenye duka alifahamu kwamba daftari ni kitu cha kumwonyesha bwana mkubwa. Akaliandika usiku mmoja kabla ya ukaguzi, kwa wino wa rangi moja na mwandiko usiotetereka, kurasa za mwaka mzima.

Hapa naomba wasaa nieleze kwa mfano, kwa sababu yeyote asiyewahi kukaa nyuma ya kaunta hudhani faida ni jambo la kutoa na kujumlisha tu. Tuseme mfuko wa sukari wa kilo 50 umenunuliwa kwa shilingi 6,500, na kila kilo yauzwa kwa shilingi 150. Ukiisha wote umeleta shilingi 7,500, na faida ni 1,000. Hiyo ndiyo hesabu ya kichwani, na kwa hesabu hiyo mwenye duka hulala usingizi mwema. Lakini boda boda aliyeubeba mfuko kutoka kwa mwenye jumla alilipwa 150, ikabaki 850. Kilo mbili zilikwenda jikoni, kwa kuwa mtoto alitumwa asubuhi akachota chai ya nyumbani, na hapana aliyeandika. Zimekwenda 300, imebaki 550. Kilo tatu zilichukuliwa na watu watatu walioahidi kulipa mwisho wa mwezi, majina yao yakahifadhiwa katika kumbukumbu, na kumbukumbu ina shughuli nyingine, zimekwenda 450. Imebaki shilingi 100, na bado hatujalipa kodi ya chumba. Mwenye duka hakuibiwa na mtu. Anayo mia moja mkononi na elfu moja kichwani, na kwa ile elfu ya kichwani atalipa karo ya shule, na fedha atakayoitoa kulipa karo hiyo itakuwa, bila yeye kujua, ndiyo ya kununulia mfuko ujao.

Katika miinuko ya juu ya Mitunguu, hesabu ilikuja kwa njia nyingine, njia ya kahawa. Meru, Embu na Kisii ndizo zilizokuwa wilaya za kwanza ambamo Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda mibuni, katika miaka ya 1930, na sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1945 ilipofungua mlango, wakulima wakaungana wajenge viwanda vya kumenyea kahawa na kuuza pamoja. Kwa maelfu ya watu chama kilikuwa ndiyo mara ya kwanza kuona jina lao limeandikwa karibu na tarakimu. Mkulima aliteremka na kikapu cha kahawa mbivu, karani akapima, akaandika kilo katika kitabu cha kiwanda na kumpa kipande cha karatasi, na kipande hicho kilitunzwa ndani ya sanduku pamoja na cheti cha ubatizo. Kutoka hapo kahawa ilipita katika mikono mingi mpaka mnadani Nairobi, na fedha ikarudi kwa njia ile ile, kila mkono ukikata sehemu yake. Na sheria iliamuru vitabu vya kila chama vikaguliwe chini ya msimamizi wa serikali. Kabete ilianza kuwafundisha wakaguzi wa ushirika wa serikali mwaka 1952, katika shule iliyokua ikawa Chuo cha Ushirika na hatimaye, mwaka 2016, Chuo Kikuu.

Duka na kiwanda cha kahawa vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Mama alichukua sabuni, baba alichukua jembe, na jibu lilikuwa moja: utalipwa malipo ya kahawa yakitoka. Kwa hiyo baridi kali ilipoichoma mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975 na bei ikapanda duniani kote, madeni ya dukani huku Imenti yalilipwa kwa furaha, mabati mapya yakang'aa juu ya nyumba, na mwenye duka akaamini kwamba amekuwa mfanyabiashara hodari. Na mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawanya soko la kahawa yalipovunjika mwezi Julai 1989, bei ikaanguka, malipo yakachelewa mwaka hata mwaka, na madaftari ya madeni yakabaki kurasa za majina ya watu waaminifu wasio na kitu. Mwenye duka wa Imenti hakuwahi kufika Brazil, lakini hesabu yake ilikuwa imelala huko bila yeye kujua.

Likafuata jambo linalonisikitisha zaidi kuliko bei. Sheria mpya ya ushirika ya mwaka 1997 iliondoa mkono wa serikali katika uendeshaji wa vyama, na vyama vikaachiwa uhuru ambao havikuandaliwa kuutumia. Vikubwa vikagawanyika, kamati zikajikopesha, fedha zikapotea, mpaka ikabidi sheria irekebishwe mwaka 2004. Miaka hamsini vitabu vilikuwa vimeandikwa kwa ajili ya mkaguzi. Mkaguzi alipoondoka, wanachama wenyewe, wenye mali, hawakuwa wamefundishwa kuvisoma, na katika mkutano mkuu hesabu za mwaka zilisomwa kwa haraka, kwa Kiingereza, na kupitishwa kwa kupiga makofi.

Wakati huo nchi ya chini ilikuwa imepata riziki yake. Mradi wa umwagiliaji uliojengwa Mitunguu katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajerumani ulileta maji ya mto Thingithu kwa mabomba, na penye mtama na mbaazi pakasimama migomba. Miche safi iliyokuzwa katika maabara ilipoanza kusambazwa nchini kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, wengi waliokuwa wamechoshwa na kahawa wakahamia ndizi. Tofauti ya zao hili na lile ni kubwa kwa mtu wa hesabu. Kahawa hulipa baada ya miezi mingi, na ndizi hulipa leo. Kahawa ina chama na karani, na ndizi ina dalali aliyekuwa akiutazama mkungu kwa jicho, akatikisa kichwa, akataja bei. Kuingia kwa mizani katika biashara ya ndizi kulikuwa mapinduzi ya kimya kimya, kwa kuwa kilichopimwa ndicho kiwezacho kuandikwa.

Programu za hesabu zilizaliwa mbali na hapa. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston wa Marekani walitoa VisiCalc, jedwali lililoweza kujikokotoa lenyewe katika kompyuta ndogo; mwaka 1983 Scott Cook na Tom Proulx wakaanzisha kampuni ya Intuit, wakatengeneza programu ya matumizi ya nyumbani iitwayo Quicken, kisha wakagundua kwa mshangao kwamba wengi walikuwa wakiiendeshea maduka. Programu za wahasibu zilikuwapo, ila zilinena lugha ya wahasibu, ilhali wenye maduka walitaka kitu kitakachozungumza habari za hundi na ankara. Kutokana na hilo ikatoka QuickBooks mwaka 1992. Mjini Bangalore, mwaka 1986, Shyam Sunder Goenka, mfanyabiashara wa vifaa vya viwanda vya nguo asiyeridhika na programu zilizokuwapo, alimwagiza mwanawe Bharat amtengenezee ya kwake, na hiyo ndiyo Tally, ambayo baadaye ilivuka bahari ikaingia katika maduka ya jumla ya Nairobi na Mombasa, mahali pale pale palipokuwa na chopda. Pastel nayo ilikuja kutoka Afrika Kusini ikakaa katika ofisi. Hizi zote ni kazi za akili nyingi, wala sizitwezi. Lakini zilidai kompyuta, umeme na mtu wa kuzilisha kila siku, na mwenye duka wa Mitunguu aliendelea na daftari lake la kaunta buku.

Kilichofika kwake kilikuwa simu. Safaricom ilizindua M-Pesa tarehe 6 Machi 2007, na mwaka 2013 ikaleta Lipa na M-Pesa, ambayo kwayo mteja hulipa kwa namba ya till iliyobandikwa ukutani. Tangu siku ile kila malipo huandika ujumbe wake: nani, kiasi gani, siku gani, saa ngapi. Kwa mara ya kwanza katika nasaba tunayoisimulia, daftari lilijiandika lenyewe. Watu wengi walidhani kazi imekwisha. Haikuisha, maana ujumbe unajua fedha iliyoingia, haujui sukari iliyotoka. Unamjua aliyelipa, haumjui aliyekopa. Wala haujui kwamba zile shilingi 500 zilizotumwa saa mbili usiku zilikuwa mchango wa harusi. Ni upande mmoja wa kitabu cha Pacioli, ulioandikwa kwa usahihi wa ajabu, ukingojea mwenzake. Tena, waliowahi kuusoma ni wengine: mikopo ya simu, iliyoanza na M-Shwari mwezi Novemba 2012, hupima nyendo za fedha za mtu kabla ya kumkopesha, hata ikawa mkopeshaji wa Nairobi aweza kuijua hali ya duka kuliko mwenye duka.

Serikali nayo ikaja. Kodi ya mauzo ya biashara ndogo, iliyoanza kutozwa mwaka 2008, ilipandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 1 hadi 3, na mwaka huo huo Mamlaka ya Mapato ikaleta eTIMS, mfumo wa ankara za elektroniki, kisha tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya mfumo huo ikawa haihesabiwi katika kodi. Kishindo chake kilifika hata kando ya barabara ya Mitunguu, kwa kuwa mnunuzi mkubwa wa ndizi alimtaka mkulima ankara, na mkulima hakuwa na chochote ila kile kipande cha daftari la kijana wa mizani. Baadaye ikaruhusiwa mnunuzi mwenyewe aiandike ankara hiyo kwa niaba ya mkulima mdogo. Na kila mwezi Juni, tarehe 30 ikaribiapo, iliyo mwisho wa kupeleka taarifa za kodi, huonekana watu wamebeba risiti zao ndani ya katoni za biskuti kwenda kwa mhasibu wa mjini, wakamwachia katoni na kurudi kuchukua karatasi moja wasiyoisoma.

Duka moja la rejareja hapo Mitunguu, la mama mmoja ambaye sitalitaja jina lake, lilinionyesha kitu nilichokuwa nakitafuta. Juu ya meza kulikuwa na kaunta buku, si kompyuta, na simu mbili, moja ya duka na moja ya mwenyewe. Ukurasa uligawanywa kwa rula: vilivyoingia, vilivyotoka, waliokopa. Kila Jumapili baada ya kanisa huketi na simu ya duka, akashuka ujumbe kwa ujumbe, akaweka alama palipolingana na duara jekundu pasipolingana. Nikaomba ruhusa nitazame orodha ya wadeni. Palikuwa na majina ya akina mama, na fundi wa pikipiki, na mwalimu. Na katikati yao, kwa mwandiko ule ule, lilikuwapo jina lililojitokeza zaidi ya mengine yote: Nyumbani. Nyumbani, sukari kilo moja. Nyumbani, unga pakiti mbili. Nyumbani, sabuni. Nyumbani, fedha taslimu 1,000, karo.

"Mama," nikamwuliza, "huyu Nyumbani ni nani?"

"Ni mimi," akajibu. "Ndiye mteja wangu mkubwa. Zamani sikuwa namwandika, akanifilisi duka la kwanza."

Alijumlisha kwa kikokotoo kilichofifia namba zake, akajumlisha tena, akazungushia 1,840. Kisha akachukua simu yake mwenyewe, akaandika namba ya till iliyokuwa ukutani juu ya kichwa chake, akaingiza kiasi na namba yake ya siri. Simu ya duka, iliyokuwa karibu na mizani, ikatoa mlio. Akaifungua, akasoma jina lake katika ujumbe, na kwa kalamu nyekundu akafuta deni.